Vivien Thomas: Fundi seremala aliyeonyesha njia ya kuutibu moyo wa mtoto

Novemba 29, 1944, mtoto wa kike wa miezi 15 aliingizwa katika chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Uzito wake ulikuwa kama kilo 4 tu, sawa na wa mtoto aliyezaliwa majuzi. Midomo na kucha zake zilikuwa za buluu kwa kukosa oksijeni. Wazazi wake walikuwa wamekubali jambo ambalo hakuna wazazi wengine waliowahi kuombwa kulikubali: mtoto wao afanyiwe upasuaji ambao hadi siku hiyo haukuwahi kufanywa kwa binadamu yeyote.

Aliyeshika kisu alikuwa Dk Alfred Blalock, mkuu wa idara ya upasuaji. Nyuma ya bega lake, juu ya kigoda, alisimama mwanamume mweusi wa miaka 34. Hakuwa daktari wala muuguzi, na hakuwa na shahada yoyote. Hata hivyo, ndani ya chumba kile ni yeye peke yake aliyekuwa ameufanya upasuaji huo mara nyingi, kwa mbwa, katika maabara ya hospitali hiyo. Blalock alipokuwa akishona, alimuuliza mara kwa mara kama mshono unakwenda sawa. Ulipokwenda upande usiofaa, mtu yule wa kwenye kigoda alimrekebisha.

Jina lake lilikuwa Vivien Theodore Thomas. Leo maelfu ya familia duniani zina watoto, na sasa wajukuu, waliopona kwa sababu ya kazi iliyopita mikononi mwake. Familia yake mwenyewe ililipa sehemu kubwa ya gharama ya kazi hiyo, na kwa miaka mingi hakuna aliyeihesabu gharama hiyo.

Akiba iliyopotea benki

Thomas alizaliwa Agosti 29, 1910 katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walitarajia msichana na jina Vivien walikuwa wameshalichagua. Alipozaliwa mvulana, hawakulibadilisha. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Nashville, Tennessee. Baba yake alikuwa fundi seremala, na watoto wa kiume walijifunza kazi hiyo kwake tangu utotoni, wakienda naye baada ya masomo na siku za Jumamosi.

Huko ndiko Thomas alikojifunza kupima kabla ya kukata, kutunza vifaa na kuvumilia kazi ndogo inayohitaji mkono mtulivu. Alimaliza sekondari mwaka 1929 akiwa na nia moja, kusomea udaktari. Kwa kijana mweusi wa kusini mwa Marekani wakati ule, njia hiyo ilikuwa nyembamba mno, lakini haikuwa imefungwa kabisa. Alikuwa amejiwekea akiba ya ada ya chuo kutokana na useremala, na mwaka huo alipata kazi ya ufundi katika Chuo Kikuu cha Fisk.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka. Kazi za ujenzi zilikauka na Thomas akapunguzwa kazini. Februari 1930, rafiki yake alimwambia kuwa daktari mmoja katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini humo alikuwa akitafuta mtu wa kumsaidia maabara. Mshahara ulikuwa dola 12 kwa wiki, chini ya alichokuwa akipata kwa useremala. Aliuchukua, akidhani ni kibarua cha kumvusha hadi chuo kifunguliwe.

Kabla mwaka huo haujaisha, benki aliyoweka akiba yake ilifilisika. Fedha za miaka yote zilipotea zote. Ndoto ya udaktari haikufa siku hiyo, lakini haikuwa tena na nauli. Kibarua kile kikawa kazi ya maisha.

Mwalimu na mwanafunzi

Daktari yule alikuwa Alfred Blalock, Mzungu wa kutoka jimbo la Georgia, mkubwa kwa Thomas kwa miaka 11. Alikuwa mtu wa mawazo mengi na muda mchache. Alihitaji mtu ambaye angemwachia jaribio na kulikuta limekamilika. Katika wiki za mwanzo tu Thomas alikuwa ameshajifunza kumlaza mnyama kwa dawa ya usingizi, kumfanyia upasuaji, kupima damu na kuandika matokeo. Usiku alijisomea vitabu vya kemia na fiziolojia.

Mwanzoni walikaribia kuachana. Siku moja jaribio liliharibika na Blalock akamtolea matusi. Thomas alibadilisha nguo, akamfuata ofisini na kumweleza kwa utulivu kwamba hakulelewa kusemeshwa hivyo, na kama huo ndio utaratibu, yeye anaondoka. Blalock aliomba radhi. Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja kwa miaka 34.

Kazi yao kubwa ya Nashville ilihusu hali ya mshtuko inayompata majeruhi. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kuwa mtu aliyeumia vibaya huuawa na sumu inayozalishwa mwilini. Majaribio ya maabara ya Blalock yalionyesha kuwa tatizo ni upotevu wa damu na majimaji, na kwamba tiba ni kuyarudisha. Ujuzi huo uliokoa askari wengi katika Vita vya Pili vya Dunia.

Katika mafanikio yale Thomas alikuwa akifanya kazi ya mtafiti, lakini kwenye vitabu vya chuo aliandikwa katika kundi la wahudumu wa usafi na kulipwa hivyo. Alipogundua, alidai mshahara wa kazi anayoifanya, na nyongeza ikaja. Ukoo wao haukuwa wa kunyamazia jambo la namna hiyo. Kaka yake, Harold, aliyekuwa mwalimu, aliishtaki bodi ya elimu ya Nashville kwa kuwalipa walimu weusi chini ya walimu Wazungu, na mwaka 1942 akashinda kesi.

Desemba 1933 Vivien Thomas alimwoa Clara Flanders. Walijaliwa mabinti wawili. Tangu hapo kila uamuzi wake wa kazi ulikuwa na watu watatu wengine nyuma yake.

Koti jeupe lililogeuza shingo

Mwaka 1941 Blalock aliitwa Johns Hopkins kuwa mkuu wa upasuaji. Alitoa sharti la kuja na msaidizi wake. Familia ya Thomas ikafunga mizigo kwenda Baltimore, mji wenye uhaba wa nyumba, kodi kubwa na ubaguzi wa rangi uliogawa mitaa, shule na hata vyoo vya hospitali.

Katika hospitali hiyo watu weusi walioajiriwa walikuwa wahudumu wa usafi na wa kazi nyingine za chini. Thomas alipopita kwenye ujia akiwa na koti jeupe la maabara, watu waligeuza shingo kumtazama. Alipolazimika kutoka maabara kwenda jengo jingine, alianza kulivua koti hilo kwanza ili apite bila kutazamwa. Mtu aliyekuwa akiwafundisha madaktari vijana namna ya kushona mishipa ya damu alilazimika kuficha kuwa anafanya kazi maabara.

Swali la Dk Taussig

Katika hospitali hiyo hiyo, Dk Helen Taussig aliongoza kliniki ya watoto wenye maradhi ya moyo. Alikuwa ameanza kupoteza uwezo wa kusikia, kwa hiyo aliyasoma mapigo ya moyo wa mtoto kwa vidole vyake. Wagonjwa waliomtesa zaidi moyoni walikuwa wale walioitwa watoto wa buluu.

Wengi wao walikuwa na ugonjwa unaoitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Étienne-Louis Fallot, aliyeueleza mwaka 1888. Moyo wa kawaida una vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ichukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Mtoto mwenye ugonjwa wa Fallot huzaliwa na kasoro nne kwa pamoja, na mbili kati yake ndizo zenye madhara makubwa zaidi. Njia ya damu kwenda mapafuni imebanwa, na ukuta unaotenganisha vyumba vya chini una tundu. Damu isiyo na oksijeni ya kutosha hupenya kwenye tundu hilo na kurudi mwilini bila kupita mapafuni. Ndiyo maana mtoto huwa wa buluu.

Wazazi wa watoto hao waliishi kwa kuhesabu pumzi. Mtoto akicheza kidogo, huchuchumaa ili apate nafuu ya kupumua. Akilia sana, huweza kuzimia. Mama hathubutu kumwacha alie, hathubutu kumwacha akimbie, na halali usingizi wa kushiba. Ndugu zake wengine hukua wakijua kwamba nyumba nzima huenda kwa mwendo wa yule mgonjwa. Mwisho wa safari ulijulikana, kwa sababu wengi wao walifariki utotoni na daktari hakuwa na cha kutoa.

Taussig aligundua jambo moja kwa kuwachunguza watoto hao kwa makini. Kila mtoto tumboni huwa na mshipa mdogo unaounganisha mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu, na mshipa huo hujifunga baada ya kuzaliwa. Watoto wa buluu ambao mshipa huo ulichelewa kujifunga waliishi vizuri zaidi, na ulipojifunga hali ikawa mbaya. Basi, aliwaza, kama mshipa kama huo ungeweza kutengenezwa, damu zaidi ingefika mapafuni. Alilipeleka wazo hilo kwa daktari mashuhuri wa upasuaji mjini Boston, ambaye hakulipokea. Mwaka 1943 akalipeleka kwa Blalock na Thomas, akiwauliza kama hawawezi kubadilisha njia za damu kama fundi bomba anavyobadilisha mabomba.

Miaka ya maabara

Wazo lilikuwa la Taussig, na Blalock ndiye aliyekubali kubeba lawama iwapo mambo yangeharibika. Kazi ya kulithibitisha ilimwangukia Thomas.

Alianza kwenye makumbusho ya hospitali, ambako mioyo ya watoto waliofariki ilihifadhiwa. Aliichunguza mmoja mmoja hadi akaelewa kasoro zile zilivyokaa. Baadaye alihitaji kumfanya mbwa awe na hali inayofanana na ile ya mtoto wa buluu, kisha amtibu. Hatua ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko ya pili. Kwa ajili ya tiba, Thomas na Blalock walirudia mbinu waliyoijaribu Nashville miaka kadhaa nyuma kwa lengo tofauti na ikashindwa kwa lengo lile: kuuchukua mshipa unaopeleka damu mkononi na kuuunganisha na mshipa wa mapafu.

Takriban mbwa 200 walitumika kabla ya jibu kupatikana. Mmoja wao, aliyepewa jina Anna, aliishi muda mrefu baada ya upasuaji, na picha yake iliwekwa kwenye ukuta wa hospitali hiyo.

Vifaa vya kushona mishipa midogo kama ya mtoto havikuwapo. Thomas alirudi kwenye useremala. Alizikata sindano ndefu zikawa fupi, akazinoa upya na kuzifanya zifae. Vibano vya kuzuia damu navyo vilirekebishwa. Mkono uliozoea kunoa patasi ulijua ncha kali inavyotakiwa kuwa.

Ilipofika Novemba 1944, mpango ulikuwa Thomas aendelee kumwelekeza Blalock kwenye maabara hadi azoee. Hali ya yule mtoto wa miezi 15 haikusubiri. Blalock aliingia chumbani akiwa na mazoezi machache mno ya upasuaji huo, na ndiyo sababu alitaka Thomas asimame nyuma yake.

Mtoto alivuka siku ile. Rangi yake ilianza kubadilika na wazazi wakaenda naye nyumbani. Miezi michache baadaye hali ilirudi kuwa mbaya, akafanyiwa upasuaji mwingine, akafariki. Hakuishi kufaidi tiba iliyoanza kwake, lakini wazazi wake ndio waliowafungulia wengine mlango. Februari 1945 msichana wa miaka 11 alifanyiwa upasuaji huo na kutoka hospitalini akiwa na nafuu. Baada yake, mvulana wa miaka 6 aligeuka rangi akiwa bado juu ya meza, midomo ya buluu ikawa ya waridi mbele ya macho ya waliokuwamo.

Habari zilienea. Wazazi walifika Baltimore kwa magari, kwa treni na baadaye kwa meli na ndege kutoka nchi nyingine, wakiwa wamebeba watoto mikononi. Hadi mwisho wa mwaka 1945 zaidi ya watoto 200 walikuwa wamefanyiwa upasuaji, na ndani ya miaka michache idadi ilivuka 1,000. Madaktari walikuja kujifunza kutoka kila upande. Kabla ya hapo, upasuaji wa kasoro za moyo wenyewe ulionekana kuwa eneo lisiloguswa. Baada ya hapo, vijana wengi waliochagua fani hiyo walipitia Baltimore, na wengi wao walifundishwa kushona na Thomas.

Jina lisiloandikwa

Mei 1945 taarifa ya kitaalamu ya upasuaji huo ilichapishwa katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Walioiandika ni Blalock na Taussig. Thomas hakutajwa. Upasuaji ukaitwa kwa majina ya wawili hao, na magazeti yakawasifu wao.

Wakati huo nyumbani kwa Thomas hesabu zilikuwa hazikai sawa. Ili kuongeza kipato, alifanya kazi ya kuhudumia vinywaji kwenye karamu za Blalock. Madaktari aliowafundisha mchana kushika sindano, jioni aliwamiminia vinywaji. Alifikiria kwa uzito kurudi Nashville kujenga nyumba kama baba yake, maana kazi ya useremala ingewalisha mkewe na mabinti zake vizuri zaidi kuliko sayansi. Alimweleza Blalock hivyo. Blalock alikwenda kumpigania kwa uongozi, mshahara ukapandishwa, na mwaka 1946 akawa msaidizi wa maabara anayelipwa zaidi ya wote hospitalini hapo.

Ndoto ya udaktari ilikuwa bado hai. Mwaka 1947 Thomas aliulizia nafasi katika Chuo cha Morgan State mjini Baltimore. Alielezwa kwamba ujuzi wake wote wa maabara hauhesabiki, na kwamba ataanza mwaka wa kwanza kama kijana aliyetoka sekondari. Alipiga hesabu akaona kuwa atamaliza udaktari na mafunzo yake akiwa na miaka 50. Mabinti walihitaji ada zao wenyewe. Akaiacha. Miaka miwili baada ya kifo chake, mjane wake ndiye aliyeeleza kwamba mumewe aliiacha ndoto hiyo kwa shingo upande.

Hilo ndilo jambo linalokosekana katika simulizi nyingi za uvumbuzi wa tiba. Watu husimulia juu ya wafadhili, majengo na mashine. Lakini utafiti wa moyo wa watoto uliendeshwa pia kwa kodi ya nyumba iliyolipwa kwa shida, kwa jioni ambazo baba hakuwapo, na kwa shahada ambayo mtu mmoja hakuipata. Mwaka 1946, kama Thomas angefungasha na kwenda zake Nashville, hakuna ambaye angemlaumu, na maabara ile ingempoteza mwalimu wake wa mikono.

Alibaki. Mwaka huo huo wa 1946 alibuni na kukamilisha, katika maabara, njia ya kutibu kasoro nyingine ya kuzaliwa ambayo mishipa mikuu ya moyo huwa imebadilishana nafasi. Inasemekana Blalock alipoonyeshwa mshono huo hakuamini kama umetokana na mkono wa binadamu.

Heshima iliyochelewa

Blalock alifariki Septemba 1964. Thomas aliendelea kuiongoza maabara ya utafiti wa upasuaji kwa miaka 15 zaidi. Aliwafundisha pia wasaidizi weusi wa maabara waliokuja baada yake, na mmoja wao, aliyeanza kama mwendesha lifti wa hospitali, alipanda hadi kuwa msaidizi wa madaktari katika huduma ya upasuaji wa moyo. Alimlea kitaaluma Dk Levi Watkins, daktari mweusi ambaye mwaka 1980 aliweka kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa mtu kifaa cha kuushtua moyo unapopoteza mapigo.

Madaktari wa upasuaji aliowafundisha, wengi wao wakiwa wakuu wa idara katika hospitali kubwa, walichangishana fedha ichorwe picha yake. Ilitundikwa karibu na ya Blalock, ndani ya jengo lenye jina la Blalock. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, ingawa ilikuwa ya sheria na si ya tiba, na kumteua rasmi kuwa mkufunzi wa upasuaji. Alikuwa amefundisha upasuaji katika chuo hicho kwa miaka 35.

Alistaafu mwaka 1979 na kuanza kuandika kitabu cha maisha yake. Novemba 26, 1985 alifariki kwa saratani ya kongosho akiwa na miaka 75. Kitabu kilichapishwa siku chache baadaye.

Kutoka Baltimore hadi ukanda huu

Ugonjwa ule haukubaki Baltimore. Duniani kote, takriban mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na watoto wa Afrika Mashariki wamo katika hesabu hiyo. Kwa miaka mingi familia za ukanda huu zilikuwa na njia mbili, kusubiri au kutafuta fedha za kumpeleka mtoto nje, mara nyingi India. Wenye ng'ombe waliuza ng'ombe, wenye shamba waliuza shamba, na mama aliondoka na mgonjwa akiwaacha wengine kwa bibi.

Hali imeanza kubadilika. Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam hufanya upasuaji wa moyo wa watoto. Katika mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kugawana vituo vya umahiri, Tanzania ilipewa eneo la moyo, Uganda saratani, Kenya figo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na Burundi lishe. Maana yake ni kwamba mtoto wa Gitega au Kisumu anaweza kutibiwa na mtaalamu aliyefundishwa ndani ya Jumuiya, kwa lugha ambayo mama yake anaielewa.

Utafiti nao unafanyika nyumbani. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi walifuatiliwa kwa miaka miwili. Maradhi hayo huanza na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa, na huishia kuharibu valvu za moyo. Nusu yao walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu kati ya waliochomwa, dhidi ya 33 kati ya wale ambao hawakuchomwa. Dawa hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu. Kilichokosekana ni ushahidi, na ushahidi ulipatikana kwa sababu wazazi walikubali kuwaleta watoto wao mwezi baada ya mwezi, na wahudumu walikuwapo kila mwezi kuwapokea.

Wahudumu hao, pamoja na mafundi wa vipimo na wasaidizi wa maabara, ndio akina Thomas wa leo. Serikali za Jumuiya zinapopanga bajeti ya vituo vya umahiri, mashine huwa rahisi kuonekana na kuzinduliwa. Mshahara wa fundi wa maabara hauna utepe wa kukata. Lakini akiondoka kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda, anaondoka na miaka ya ujuzi ambayo mashine haiwezi kuifidia, na nafasi yake ya kusoma zaidi hupotea kwake na kwa wagonjwa.

Johns Hopkins yenyewe imejifunza hilo kwa kuchelewa. Moja ya makundi manne ya malezi ya wanafunzi wake wa udaktari lina jina la Thomas. Mwaka 2021 chuo hicho kilitangaza ufadhili wa dola milioni 150 kwa jina lake, kuwawezesha vijana kutoka vyuo vya kihistoria vya watu weusi na taasisi nyingine zinazohudumia jamii zilizoachwa nyuma kusomea shahada za uzamivu katika sayansi na uhandisi. Ni nafasi ile ile aliyoikosa yeye benki ilipofunga milango.

Upasuaji ule wa mwaka 1944 bado unafanyika kwa namna iliyoboreshwa, kumpa muda mtoto ambaye bado ni mdogo mno kwa marekebisho makubwa. Kwa miongo mingi ulijulikana kama upasuaji wa Blalock na Taussig. Sasa madaktari wengi wanapouandika kwenye faili la mgonjwa huweka majina matatu, na la katikati ni Thomas.